Damu Kwenye Kombe la Ufaulu

Uliyaona matokeo. Usijifanye hukuyaona. Yalibandikwa nje ya ofisi ya elimu ya wilaya, ukasukumana na wenzako, ukatafuta shule ya mwanao, ukaikuta juu, ukashusha pumzi, ukaenda zako. Shule ya mwisho hukuisoma hata jina. Wale ni watoto wa watu, si wako. Haya, soma sasa, maana yuko mtu aliyeisoma, na amekufa.

Mfagizi ndiye aliyemkuta, asubuhi, ndani ya ukumbi wa mikutano wa ofisi hiyo hiyo. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza ndefu na ukuta, shati jeupe limeloa damu mabegani, miwani iko chini ya kiti. Alikuwa mtakwimu wa wilaya. Wenzake walimwita Desimali, kwa sababu alikuwa hakubali kukadiria namba. Ukimwambia, "Sema tu hamsini, yaishe," alikujibu, "Si hamsini," na hapo hang'oki.

Siku hiyo kulikuwa na kikao cha tathmini. Kamati ya elimu ilikuwa ijadili pengo la ufaulu kati ya shule mbili: ya mlimani, iliyofaulisha watahiniwa wote, na ya bondeni, iliyoangusha karibu wote. Uamuzi uliosubiriwa ulikuwa mmoja tu. Ya bondeni ifungwe.

Inspekta aliyepewa jalada alikuwa mwanamke mwembamba, asiyecheka ovyo. Kituoni walimwita Msumari.

"Kuna kilichoguswa?" aliuliza.

"Hakuna, afande," koplo alijibu. "Mfagizi alipiga kelele tu."

"Kelele haziachi alama za vidole. Daktari?"

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glovu. "Pigo moja kisogoni. Kitu kizito chenye kona. Jana jioni, watu wakishatoka kazini."

Kitu chenyewe walikikuta kabatini, kimerudishwa mahali pake kama hakuna kilichotokea: kombe la ufaulu, la shaba, lenye kitako cha jiwe, ambalo shule ya mlimani ilikuwa ikilibeba kila mwaka, na sasa lilikuwa limerudishwa ofisini kusubiri kukabidhiwa upya. Lilikuwa limefutwa likang'aa. Lakini pale shaba inapokutana na jiwe kuna ufa mwembamba, na ufa ule ulikuwa umekunywa damu. Kompyuta ya marehemu haikuonekana.

Ofisa elimu aliingia akifuta jasho kwa tai yake.

"Wezi hao," alisema. "Walifuata kompyuta, wakamkuta. Inasikitisha sana. Kikao nimekisogeza mpaka kesho."

"Kesho? Maiti haijafika mochwari, mheshimiwa."

"Wajumbe wana ratiba zao, Inspekta. Elimu haisimami."

"Ulishawahi kuwa mwalimu?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa utawala, nimetokea idara ya ardhi. Chaki inanipa mafua."

Msumari alikuwa anatazama kuta. Desimali alikuwa ametundika chati za matokeo kwa ajili ya kikao, ukuta huu na ule. Zote zilikuwa zimegeuzwa, zinaonyesha migongo mitupu. Ramani ya wilaya nayo imegeuzwa. Hata kalenda ya mwaka mpya, iliyotundikwa wiki hiyo hiyo, imegeuzwa.

"Mwizi gani huyu?" koplo alinong'ona. "Kaonea aibu namba?"

"Angetaka kuzificha angezichana. Angezitaka angezibeba. Huyu kazigeuza moja moja, taratibu, hata pini haikudondoka." Msumari alivaa glovu. "Chukueni alama za vidole kwenye kila karatasi iliyo ukutani. Kila kona."

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake. Mtu wa mwisho kuongea naye alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyeshonea barazani, mkabala na shule ya bondeni. Alipoona gari la polisi hakuacha kukanyaga cherehani.

"Habari za kazi, mama?"

"Kazi si unaiona."

"Jana ulizungumza nini na marehemu mtakwimu?"

Cherehani ikasimama. "Marehemu?"

Akaelezwa. Akaziba mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo. Alipokitoa, hasira ndiyo iliyotangulia.

"Leo mmekuja na gari! Nilipokuja kituoni kwa miguu yangu mlinicheka."

"Ulikuja kushtaki nini?"

"Kwamba nimeibiwa mtoto."

"Kaibwaje?"

"Binti yangu kasoma mlimani tangu darasa la kwanza. Mwaka huu ndio wa mtihani. Shule zinafunguliwa tu, usajili haujafanyika, mwalimu mkuu, huyo mnayemwita Mia kwa Mia, ananiita ofisini. 'Mama, binti ni mzito kidogo, bondeni atapata uangalizi.' Nikamwambia sitaki. 'Nimeshamhamisha.' Ndiyo nikaja kwenu. Kijana wenu wa kaunta ananiuliza, 'Mama, mtoto mwenyewe yuko wapi?' Nikasema yuko bondeni. 'Basi hajapotea.' Mkacheka wote mpaka mkashika meza."

Koplo aliinamia viatu vyake.

"Ni yeye peke yake?" Msumari aliuliza.

"Peke yake! Vuka barabara ukaangalie sweta. Za kijani ni za bondeni. Za bluu ni za waliotupwa kutoka mlimani, mama zao hawana cha kununulia nyingine. Mwaka jana hivyo hivyo, mwaka juzi hivyo hivyo. Yule marehemu alipita siku moja akaziona, akaanza kuuliza. Hakuna mwingine aliyeuliza. Jana akanipigia: 'Mama, kesho nasema mbele ya kamati. Bondeni haikuwaangusha hawa watoto, ilibebeshwa.'"

"Na shule ikifungwa?"

"Unaniuliza mimi? Mlimani wameshamkataa. Bondeni inapigwa kufuli. Ataenda wapi, dada yangu? Aje akanyage hii cherehani na mimi?"

Msumari alivuka barabara. Kwenye chumba cha mwaka wa mwisho walikuwa wanaanza mtihani wa kufungulia muhula. Madawati yalikuwa yamesogezwa mbali mbali. Sweta za bluu zilikuwa nyingi kuliko za kijani. Mwalimu, binti kijana mwenye tumbo la mimba, aliweka bahasha ya karatasi mezani, na kabla ya kuifungua akazunguka kuta: picha ya moyo wa binadamu akaigeuza, jedwali la vipimo akaligeuza, ramani akaigeuza, kalenda akaigeuza.

"Mwalimu," Msumari alimwita mlangoni. "Hata kalenda? Ina jibu gani?"

"Mkono umeshazoea, afande. Mtihani ukianza, ukuta usiwe na maandishi, mtoto asije akaokota jibu. Huwa hatufikirii. Juzi nimegeuza kalenda sebuleni kwa mama mkwe, ina picha yake mwenyewe. Hajanisemesha mpaka leo."

Koplo alicheka. Msumari alikuwa ameshatoa simu.

"Maabara? Ile kalenda. Ifanyeni kwanza. Mlinganishe na za walimu wakuu waliotarajiwa kikaoni. Ndiyo, waiteni kituoni, watoe alama wote."

Mia kwa Mia alikuja amevaa suti, kalamu tatu mfukoni, akatoa vidole vyake kama anayepewa nishani. Alasiri aliitwa tena, safari hii kwenye chumba cha mahojiano. Aliangalia kiti kabla ya kukaa.

"Mara ya mwisho kuingia ule ukumbi ni lini?" Msumari alianza.

"Mwaka jana, nilipokabidhiwa kombe."

"Una hakika?"

"Mimi si mtu wa kukosea. Uliza wilaya nzima."

"Jana jioni?"

"Shuleni. Wengine huwa tunafanya kazi."

"Wengine, kama nani?"

"Nenda bondeni ukawaone. Watoto wazito, walimu wazito. Ukweli unauma, lakini ndio huo."

"Kwako hakuna watoto wazito?"

"Kwangu hakuna."

"Uliwapeleka wapi?"

Msumari akaweka mezani mfuko wa nailoni wa ushahidi. Ndani mna kalenda.

"Ni ya mwaka gani?"

"Unanifanyia mzaha?"

"Soma, mwalimu."

"Ya mwaka huu."

"Ilitundikwa wiki hii. Kidole gumba chako cha kulia kiko kona ya chini. Wewe hujaingia tangu mwaka jana. Kidole kilikuja peke yake?"

"Sijaigusa!" alifoka, na uso wake ulionyesha anasema anachokiamini.

"Hukumbuki kuigusa. Kombe ulilifuta kwa sababu ulijua umelishika. Kalenda hukuifuta, kwa sababu hukujua. Umesimamia mitihani tangu ujana wako. Umeua mtu, umechukua kompyuta yake, ukaona ukuta una maandishi, mkono ukafanya kazi uliyouzoesha."

Mia kwa Mia alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Msumari akamsomea onyo la kisheria. Koplo akafungua kalamu.

"Nilimwomba," alisema mwishowe. "Nilimwambia kaka, andika chochote, pengo liite jina lolote, niachie tu mia yangu. Akasema si mia. Kila nikisema, 'Si mia, mwalimu.' Halafu akanigeuzia mgongo, akaendelea kutundika chati zake! Mimi! Nimeikuta ile shule haina madirisha!"

"Ukachukua kombe."

"Ni langu. Nimelishinda."

"Kwa ajili ya kombe?"

"Hujui wewe. Wazazi wananisimamisha barabarani kunishika mkono. Watu wazima wananiamkia. Umewahi kusikia mtu anaitwa Tisini? Kesho yake ningekuwa nani?"

"Kompyuta iko wapi?"

"Kwenye choo cha shule."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

Koplo aliacha kuandika.

"Uliowatupa bondeni," Msumari alisema.

"Wale wangefeli popote."

"Nani mwingine alijua?"

Hapo akacheka, kicheko kikavu. "Uhamisho unagongwa mhuri na nani? Mimi sina mhuri, muulizeni ofisa elimu, bwana ardhi wenu. Na wazazi wangu, hawaoni? Kila mwaka wa mtihani madarasa yangu yanapungua. Mtoto alikuwa anakaa dawati moja na mwanao, leo hayupo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza yuko wapi. Waliniletea makofi."

Akatia sahihi. Akafungwa pingu.

Kesho yake Msumari aliingia kwenye kikao akiwa na nakala ya maelezo yale, akayasoma mbele ya wajumbe. Walisimama dakika moja kumkumbuka marehemu. Wakakaa.

"Tumehuzunika," ofisa elimu alisema. "Lakini matokeo ni matokeo. Yameshatangazwa. Bondeni imeshika mkia, na mwenye mkia hafugwi kwa kodi za wananchi."

"Wale ni watoto wa mlimani!" Msumari alisema.

"Kwenye mfumo wanasomeka bondeni."

"Kwa mhuri wako."

"Kugonga mhuri ni kosa la jinai, Inspekta?"

Msumari alijua jibu, alishamuuliza mwendesha mashtaka asubuhi ile. Aliyeua mtu mmoja yuko rumande. Aliyezika darasa zima ana kiti cha kuzunguka na dereva. Hakuna kifungu cha kumshtaki.

Fundi cherehani alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Alisimama bila kupewa ruhusa.

"Binti yangu anaenda wapi?"

"Mama, kaa chini, utapewa nafasi."

"Sikai. Nimeuliza mtoto anaenda wapi."

Mlinzi alimshika mkono. Msumari akautoa mkono wa mlinzi. Zogo likawa kubwa, mwenyekiti akaahirisha: kura itapigwa Jumatatu, ukumbi ule ule, ajenda ile ile.

Wakati wa zogo lile mzazi mmoja tu ndiye aliyesimama. Viti vingine vya umma vilikuwa vitupu. Chako kilikuwa kimojawapo.

Jumatatu mlango utakuwa wazi, hauhitaji mwaliko. Nenda. Usitume salamu za pole, usimtume mdogo wako. Mchukue jirani, mchukue shemeji, mchukue yule mzazi anayejisifu na mia ya mwanawe. Wakianza kusoma ajenda, inuka, uliza kwa sauti: walioanza mwaka wa mtihani mlimani wako wapi? Wataje mmoja mmoja. Wakikwambia ukae, usikae. Wakimleta mlinzi, mshikane mikono. Na kama mwanao anavaa ile sweta ya bluu na bado yuko mlimani, wewe ndiye wa kwanza kuinuka, kwa sababu mwaka ujao yeye ndiye mzito wao.

Vaa viatu. Ondoka hapo ulipo.