Mgeni Aliyealikwa na Adelard

Sofa ya wageni ilikuwa ya baridi. Sekela aliigusa adhuhuri, Boko nzima ikitokota kwa joto la Februari, akaona mto umebonyea katikati na unanuka mafuta ya haradali yaliyoungua, mafuta ambayo hajawahi kuyaingiza jikoni kwake.

"Ni feni hiyo," alisema mumewe, Adelard.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Lakini siku hizi Adelard alijua kila kitu. Ofisi ilimpeleka semina Nepali, na tangu arudi mtaa haukupumua. Kanisani, kwa kinyozi, hata msibani, jamani, alisimulia Himalaya kana kwamba milima ile kaijenga yeye. Mji wa kale wa Bhaktapur, ambao watu hutoka dunia nzima kwenda kuutazama, yeye aliuona magofu. "Matofali mekundu na madirisha ya mbao yaliyochongwachongwa, basi," alisema mtu huyu ambaye choo chake mwenyewe hakijapigwa plasta.

Mwenyeji aliyewatembeza alimsihi asilisemeshe dirisha moja jeusi la nyumba isiyokaliwa. Adelard akacheka, akawasha kamera ya simu, akapunga mkono kama mgombea ubunge. "Mliomo humo, karibuni na kwetu! Dar, Boko, geti la bluu!" Ndivyo tunavyoaga sisi: kila mtu anakaribishwa na hakuna anayetarajiwa. Aliyekuwa nyuma ya dirisha hakuijua desturi hiyo. Alikuja.

Kengele ndogo ikaanza kulia ndani ya ukuta kila walipoketi kula. Noela, binti yao wa miaka sita, akawa anasogeza wali wake mbele ya kiti kitupu na kunong'ona nacho, na mikono yake ikawa inapoa, kwanza vidole, kisha viganja, kisha hadi viwikoni, mpaka siku Sekela alipomkumbatia akahisi ubaridi ule wa sofa umeshampanda mtoto kifuani, na nyuma ya bega lake dogo, karibu kabisa na sikio la Sekela, mtu asiyeonekana akashusha pumzi ndefu yenye harufu ya haradali.

"Mama, usimbane," Noela alinong'ona. "Kaegemea hapo."

Sekela hakungoja ruhusa ya mume. Alimleta Bi Mahfudha, mke wa mwenye duka la vitambaa, anayesomea watu wenye majini. Adelard akanuna: yeye, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, ubani sebuleni kwake? Bi Mahfudha alifukiza, akasoma, kisha akakifunika chetezo.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Kaalikwa. Mie siwezi kumfukuza mgeni mliyemwita wenyewe."

"Tufanyeje, bibi? Mwanangu anakwisha!"

"Asindikizwe. Aliyemwita afuatane naye mpaka barabara ya lami, amuage kwa sauti. Wewe mwenyewe, baba Noela. Usitume mtu. Sie tutabaki ndani tukisoma."

Adelard akafungua geti. Nje, wanajumuiya walikuwa wanarudi kutoka sala, wamesimama vikundi vikundi wakiongea. Akawaza watakavyomwona akiaga hewa, yeye aliyefika Himalaya. Mwoga na mwenye majivuno. Sijui kipi kilimzidi. Akamwita mtoto aliyekuwa amejikunyata juani uani.

"Noela, msindikize mgeni, mwanangu. Fika kwenye lami, muage, urudi. Nakuja nyuma yako."

Hakwenda. Alichungulia kwenye upenyo wa geti, akamwona mwanawe akiishika njia ya vumbi, mkono wa kulia umenyooka juu kabisa, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu mno.

Noela alirudi peke yake, anakimbia, jasho linamtoka, mikono ina joto. Sekela akapiga magoti, akalia kwa furaha. Adelard, mtu asiye na haya, akajikohoza. "Si mnaona? Mambo madogo haya."

Bi Mahfudha hakumtazama. Alimsogeza mtoto karibu.

"Kaenda, mjukuu wangu?"

"Kaenda kuniandalia chumba," Noela alisema. "Kasema na mie nikakae kwao. Nimemwitikia."