Nyumba Iliyoganda Kwenye Ubao

Kila siku baada ya shule, Pilipili alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya shangazi yake, fundi seremala. Alivua viatu, akaketi katikati ya maranda na kukata maboksi. Jina la Pilipili msichana huyu alipewa na wenzake darasani kwa wepesi wake wa kupiga. Wiki iliyopita alimtandika mmoja wao aliyeicheka nyumba yake ya boksi, akamng'oa vifungo vya shati.

Nyumba yenyewe ilistahili kuchekwa. Kuta zake ziliegemea upande kama mlevi, maana alizishika kwa vidole hadi gundi ikauke, na vidole huchoka. Maonyesho ya shule yalikuwa kesho, na nyumba iliyopinda haipokelewi.

Kwa hiyo akatengeneza kiunzi cha kugundishia. Juu ya kipande cha ubao alipigilia fito mbili zilizokutana kwenye pembe mraba. Akasimamisha kuta mbili ndani ya pembe hiyo, akapaka gundi kwenye kiungo, akazibana kwa vibanio vya nguo. Kuta zikasimama wima. Akaenda kuteka maji, moyo umetulia.

Aliporudi alimkuta kaka yake ameinama juu ya kiunzi, akichomeka kisu chini ya ukuta.

"Unafanya nini?"

"Imeganda kwenye ubao. Nilitaka..."

Hakumaliza. Pilipili alinyakua ufito uliobaki, akamchapa nao mdomoni. Kisu kikaanguka. Damu ikatapakaa kidevuni.

"Umeimwagia gundi, mchawi wewe," Pilipili alifoka, akainua ufito tena.

Kaka naye hakuwa wa kuonewa. Alimkaba shingo, wakaanguka wote, wakagaragazana, goti tumboni, meno mkononi. Kopo la misumari likapinduka, misumari ikawachoma migongo, wasijali. Kisigino cha mmoja wao kikaiponda nyumba.

Shangazi aliingia, akawakamata kila mmoja ukosi, akawatenganisha.

"Kama mnataka kuuana, tokeni nje. Sakafu hii nimeifagia mwenyewe."

"Shangazi, ameigundisha nyumba yangu," Pilipili alisema akihema. "Nimemkuta na kisu."

Shangazi alimpa kaka kitambaa cha kuzuia damu, kisha akakigeuza kiunzi kwenye mwanga. Akabandua ukuta uliopondwa. Ukachanika, ngozi ya boksi ikabaki kwenye ubao.

"Tazama. Gundi imetoka ndani ya kiungo, ikaenea hadi kwenye ubao. Mtu angeipitisha wapi, na kuta umezibana mwenyewe? Huo ubao uliupaka nini ili usishike?"

"Kuupaka?"

"Nta ya mshumaa, au uufunike kwa plastiki. Gundi haibagui. Boksi na ubao kwake ni ndugu."

Pilipili aliugusa ubao, kidole kikanata.

"Nilitaka kuibandua kabla gundi haijakauka kabisa," kaka alisema nyuma ya kitambaa. "Nilijua kesho ungelia."

Pilipili alipiga magoti kwenye maranda yenye damu. "Kaka, nisamehe. Nimekuumiza bure."

"Jino linacheza. Likidondoka, utalirudisha kwa gundi yako."

Kaka alipelekwa zahanati, mdomo ukashonwa. Aliporudi alimkuta dada yake anakisugua kiunzi kwa nta, kila upande, hadi kinateleza. Akavuta kigoda, akaanza kumpa vibanio kimoja kimoja. Safari hii nyumba ilitoka kwenye kiunzi bila mkwaruzo, pembe zote zimenyooka. Ingepokelewa.

Pilipili aliiinua, akaitazama, kisha akamtazama kaka yake. Mdomo ulikuwa umevimba, nyuzi nyeusi zimeukata katikati.

"Nyumba tumeijenga upya kwa kuwa maboksi yapo," shangazi alisema. "Mdomo ule utabaki na kovu. Mkono hauna masikio, mwanangu. Ukishautuma kupiga, hausikii ukiuita urudi. Uliza kwanza, halafu usubiri jibu liishe."