Chiriku Atafuta Leseni ya Redio

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku alikimbilia chumba cha nyuma cha shangazi yake, fundi wa redio. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini katika chumba hicho ilimbidi atulie kama maji mtungini.

Baba yake alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, juu mlimani, ambako simu hazikushika. Alizungumza na nyumbani kwa redio tu. Shangazi alikuwa na leseni ya kuzungumza kwa redio, kwa hiyo alimjibu. Chiriku hakuwa nayo. Aliruhusiwa kusikiliza, basi.

"Chiriku hajambo?" sauti ya baba ilikwaruza.

"Hajambo, kaka. Yupo hapa, amejiziba mdomo kwa mikono miwili."

"Mwambie Jumamosi akishafaulu mtihani wa leseni nataka kumsikia mwenyewe. Nimeshawatangazia wenzangu wote!"

Chiriku akatabasamu. Wasiwasi wa nini? Kijitabu cha maswali ya leseni alikuwa amekimeza chote.

Redio ilipozimwa, shangazi akamjaribu. "Wimbi la megahezi mia na hamsini lina urefu gani?"

"Mita mbili!" Chiriku alijibu hata swali halijaisha.

"Vyema. Na la megahezi sabini na tano?"

"Mita mbili!"

Shangazi akamkazia macho. "Kwa nini?"

"Kijitabu kinasema mita mbili!" Chiriku akajibu. Shangazi akauliza jingine, akiligeuza kidogo tu, kisha jingine. Yote yakamshinda.

"Mwanangu, hujasoma. Umekariri."

Chiriku aliona kama kuta zinamsogelea. Mtihani ulikuwa keshokutwa, na mwingine ungekuja mwaka ujao. Asipokwenda, atamwaibisha baba mbele ya wenzake. Akienda hivyo hivyo, atafeli. Kote kumezibwa! Akalia kwa kwikwi. "Mwaka mzima tena wa kumsikia bila kumjibu, shangazi! Afadhali nisimsikie kabisa!"

"Futa machozi, shika hii." Shangazi alikuwa amefunga kamba kwenye kitasa cha mlango. "Itikise polepole."

Chiriku akatikisa, huku akivuta makamasi. Mgongo mmoja mrefu, kama wa wimbi, ukapita kwenye kamba.

"Sasa haraka haraka."

Migongo ikawa mingi na mifupi. Chiriku akasimama ghafla.

"Kumbe! Megahezi zinasema wimbi linatikisika mara ngapi! Zikipungua hadi nusu, wimbi linarefuka mara mbili. Basi zile sabini na tano ni mita nne!"

"Haya, sasa umeanza kusoma," shangazi akasema.

Kesho yake walitikisa kamba, wakafungua redio mbovu na kuulizana "kwa nini" hadi mama akalalamika kwamba kitasa chake kitang'oka.

Katika chumba cha mtihani Chiriku alikutana na megahezi hamsini. Hazikuwamo kwenye kijitabu! Akatazama kitasa cha mlango uliofungwa; hakikuwa na kamba. Mara mkono wake ukaanza kutikisa kamba isiyokuwepo.

"Binti, unafukuza nzi?" msimamizi aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Natafuta mita."

Watu wakacheka. Yeye akaandika: mita sita.

Majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Chiriku alikuwa amefaulu, akapewa leseni. Jioni shangazi akamwachia kiti cha mbele ya redio.

"Ulichokariri kilikukimbia nilipogeuza swali," alimwambia. "Ulichoelewa kimekusaidia kujibu hata swali usilowahi kuliona. Usome hivyo kila somo, si redio tu."

"Nimekuelewa, shangazi," alisema, akabonyeza kitufe.

"Baba... ni mimi."

"Rudia," baba akasema.

"Ni mimi, baba. Nimefaulu. Hunisikii?"

"Nakusikia vizuri sana, mwanangu." Sauti yake ilitetemeka. "Wewe rudia tu."