Moshi na Koti la Mvua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jeruto aliwapelekea mbwa chakula nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Pioneer. Mama yake alikuwa na desturi ya kuwachukua mbwa waliotupwa, kuwatibu kwa msaada wa Daktari Ondiek wa mifugo, kisha kuwatafutia watu wa kuishi nao. Mbwa hao walipomsikia Jeruto akija, walibweka na kurukaruka mpaka mabati ya ua yakalia. Wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa wa rangi ya kijivu, na Jeruto alimwita Moshi. Alipatikana katika mtaa wa jirani wa West Indies, ndani ya nyumba iliyohamwa, amefungwa mnyororo kwenye nguzo. Majirani walioishi ukuta kwa ukuta na nyumba hiyo hawakuwa wamejua kuwa mle ndani mna kiumbe kinachopumua, kwa maana hakubweka hata mara moja. Mara nyingi, ukungu wa asubuhi ulipotanda, Jeruto aligeuka akamkuta amesimama nyuma yake, kimya, asijue amefika saa ngapi. Hata hivyo alimpenda. Moshi alikuwa akimwekea kichwa magotini na kufumba macho kama mtoto anayebembelezwa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa ikinyunya, na Jeruto akavaa koti la mvua la mama yake, refu, jeusi, lenye kofia. Moshi alitoka bandani, akasimama ghafla. Alimtazama kama mtu asiyemjua. Kwa kweli hakumtazama yeye, alilitazama koti.

"Moshi, ni mimi," Jeruto akasema.

Mbwa hakunguruma. Alikuja tu. Meno yakanasa mkono wa koti, na Jeruto akaburutwa kwenye matope. Alijichomoa ndani ya koti akarudi nyuma. Hapo Moshi akaliachilia, akamnusa Jeruto kiganja na kutikisa mkia, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona akifika. Hilo ndilo lililomtisha Jeruto kuliko meno yenyewe.

Ngozi haikuchubuka. Jeruto alilificha koti lililoraruka chini ya magunia stoo, asimwambie mtu. Aliwahi kumsikia mama yake na Daktari Ondiek wakizungumza juu ya mbwa mwingine aliyeuma watu mara kwa mara, ambaye mwishowe alidungwa sindano na hakuamka tena.

Muda si mrefu alikuja Mzee Muigai, mkulima wa Sugoi, akitafuta mbwa. Mama alikwenda kwanza kukagua boma lake, akaona ua imara na lango linalofungika. Mzee aliishi na mkewe, Mama Nduta, na mjukuu wao Kim, ambaye hakuwa ameanza shule. Kwa sababu ya mtoto huyo, Mama alisita. Jioni alimwita Jeruto.

"Wewe ndiye unayemlisha Moshi kila siku. Amewahi kumrukia mtu, hata kwa mchezo?"

Jeruto aliinamisha kichwa. "Hapana, Mama."

Moshi akaenda Sugoi.

Kila mbwa alipopata nyumba mpya, Mama hakukosa kwenda kumtazama. Jumamosi iliyofuata alikwenda na Jeruto. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mahindi hata mwisho wa shamba hauonekani. Walikaribishwa sebuleni kwa chai. Mzee Muigai alimsifu mbwa kwamba ni mtulivu. Mkewe ndiye aliyekuwa na neno.

"Mbwa huyu halali kwenye banda," alisema kwa sauti ya chini. "Anakaa kutwa nzima kwenye baraza akiangalia ukuta. Pale kuna koti la mvua la mzee, refu, jeusi. Analiangalia kama kuna mtu ndani. Jana upepo uliinua mkono wa hilo koti, nikamwona ameinuka. Siku hizi sipiti hapo peke yangu."

Mzee Muigai alicheka, akasema mkewe ameanza kuogopa nguo. Jeruto hakucheka. Alijiambia atasema mzee akimaliza kunywa. Mzee akamaliza, naye akajiambia atasema vikombe vikiondolewa. Mvua ikaanza kugonga mabati.

Mzee aliinuka kuchukua koti ili akawafungie ndama bandani. Alirudi mlangoni amekunja uso. Msumari wa ukutani ulikuwa mtupu. Mahali pa Moshi napo palikuwa patupu.

"Ni Kim amelichukua," Mama Nduta akasema. "Anapenda kujifanya guka, huyu babu yake."

Jeruto aliinuka kitini. "Mama, nilikudanganya," akasema. "Moshi alinirukia siku nilipovaa koti lako. Anashambulia koti. Na mtu aliye ndani."

Mama aliweka kikombe chini, akatoa kamba ya kumfungia mbwa mkobani, na kuwaambia wote wasikimbie wala wasipige kelele.

Walizunguka nyumba. Penye mwanzo wa mahindi, ndani ya ukungu, koti lilikuwa likitembea peke yake. Halikuwa na kichwa wala miguu. Kofia yake ilining'inia tupu, na pindo lilikokoteka kwenye nyasi, kwa maana Kim alikuwa mfupi na amezama humo mzima mzima. Nyuma yake alikuwa Moshi, shingo ameiinamisha, akiweka nyayo bila sauti yoyote. Koti liliposimama, naye alisimama. Liliposogea, naye alisogea. Kila mara alikuwa karibu zaidi.

"Kim," Mama aliita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto akale. "Simama hapo hapo. Liachilie koti lianguke, halafu usitikisike. Kuwa kama nguzo ya ua."

Koti lilisimama. Kwa kitambo halikufanya lolote, na Jeruto akadhani mtoto hajasikia. Kisha likateleza hadi chini, akabaki mvulana mdogo mwenye sweta ya kijani, mdomo wazi.

Moshi aliruka. Alimpita Kim karibu sana hata manyoya yakagusa sweta, akaliangukia koti, akalitikisa na kulirarua. Hakusikika yeye, ilisikika nguo tu ikipasuka. Mama alimfikia kwa nyuma akamfunga kamba, na Mzee Muigai akambeba mjukuu wake. Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo.

Mzee hakumkaripia Jeruto. Alimtazama, mjukuu wake bado mikononi. "Binti yangu, ningeambiwa, ningelitoa koti hilo ukutani siku ya kwanza," alisema. "Au ningekataa mbwa. Lakini hukuniachia nafasi ya kuchagua."

Jeruto alilia njia nzima.

Moshi alirudi Pioneer. Mama aliulizia kule West Indies, na jirani mmoja akakumbuka kwamba aliyekuwa akiishi katika ile nyumba alivaa koti refu jeusi, na kwamba aliingia nalo uani akiwa na rungu. Basi hapakuwa na mzimu wowote ukutani. Palikuwa na mbwa aliyepigwa ambaye hakusahau.

Kwa miezi mingi Mama na Daktari Ondiek walimfunza, amevishwa kifuniko cha mdomo. Walitundika koti mbali wakampa nyama, kisha wakalisogeza kidogo kidogo. Alipata nafuu, lakini daktari alisema wazi kwamba mbwa huyo asiishi kamwe na watoto. Watu kadhaa waliomtaka walikataliwa. Mwishowe alikuja Kavetsa, mama aliyeishi peke yake kwenye barabara ya kwenda Iten na aliyewahi kufuga mbwa wakali.

"Wewe ndiye utakayemweleza," Mama alimwambia Jeruto.

Jeruto alieleza yote: mnyororo, koti, matope, na Kim. Kavetsa aliuliza maswali mengi, akaenda kufikiri. Aliporudi alisema amejenga kizimba cha kumfungia Moshi wageni wakija, na kwamba makoti yake yote yatakaa kabatini.

Siku walipompeleka Moshi kwa Kavetsa, Mama alizungumza na Jeruto walipokuwa wakirudi.

"Najua ulinyamaza kwa sababu ulimpenda," alisema. "Lakini uongo wako haukumwokoa. Angemuumiza yule mtoto, hata mimi nisingeweza kumtetea Moshi. Mbwa mkali anaweza kupata nyumba, mradi wenye nyumba wajue wanampokea nani. Ukweli unawapa watu nafasi ya kujikinga, na mbwa nafasi ya kuishi."

Jeruto akauliza, "Na kama Mama Kavetsa angekataa baada ya kuyasikia yote?"

"Tungetafuta mtu mwingine," Mama akajibu. "Naye pia tungemweleza yote."