Mawe Meusi ya Minani

Gaudence wa Kanazi ni mtu wa haraka. Akiamka na wazo, jioni limeshakuwa kazi. Wiki hiyo wazo lilikuwa nyumba mpya. Msingi ulishachimbwa, na fundi angekuja kesho yake. Mawe yalikuwa nyuma ya migomba, rundo zima, meusi.

"Mazito, halafu ya bure!" alimwambia mkewe, Suzan. Akaanza kuyasomba kwa toroli.

Mama yake, Bibi Rozalia, alitoka nje akaona toroli. Alirudi ndani, akakataa uji. Mchana akakataa ndizi na maharage.

"Mama, unaumwa?" Gaudence aliuliza.

Bibi alimpa mgongo.

Suzan aliogopa. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa kususa chakula. Akamwita jirani yao Deodata, mwalimu wa historia.

Deodata aliokota jiwe moja kwenye toroli. Lilikuwa na vitundu, kama uji uliochemka ukaganda.

"Gaudence, haya si mawe. Ni mavi ya chuma."

"Mavi tena, mwalimu?"

"Zamani watu waliyeyusha mawe yenye chuma kwa moto wa mkaa. Walichukua chuma, takataka hizi zikabaki. Hapa kwenu palikuwa na tanuri. Mhunzi alikuwa nani?"

Gaudence hakujua. Aliona aibu.

"Basi tumuulize anayejua. Ila usianze kwa kumuuliza mwaka. Mpe kitu ashike, kisha unyamaze."

Waliingia ndani.

"Shikamoo, bibi," alisema Deodata.

"Marahaba."

Akamwekea jiwe mikononi. Gaudence alifungua mdomo, Suzan akamfinya.

"Minani," bibi alisema mwishowe. "Baba mkwe wangu. Alifua majembe hapo. Watu walitoka mbali, hata Mabawe, kuyafuata. Majembe ya dukani yalipokuja, akaacha kazi. Alibakiza mawili tu, akayatoa kuwa mahari yangu. Leo unamfukia kwa saruji."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Gaudence alitoka, akarudisha mawe yote kwenye rundo lake. Deodata alimweleza, "Ukikuta vitu vya kale, usivihamishe wala kuvichimba. Vipige picha vilipo. Toa taarifa serikali ya kijiji, nao watamwita afisa utamaduni. Na mzee mrekodi akiwa hai."

Suzan aliwasha simu. Bibi akasimulia kwa Kihangaza, lugha yao ya nyumbani, mpaka koo likakauka.

"Sasa zile ndizi ziko wapi?" aliuliza. "Nina njaa."

Walicheka wote, na Suzan akashusha pumzi. Fundi alipokuja kesho yake, alijenga msingi kwa mawe ya mtoni.

Jioni ile bibi alimwambia Gaudence atoe kitu darini. Lilikuwa jembe, limelika hadi kubaki kama kiganja.

"Ni moja la yale mawili," alisema. "Baba yangu alinirudishia nilipoolewa, nije nalo. Nimelima nalo chakula chako mpaka ukaota ndevu."

Gaudence alilipokea kwa mikono miwili.