Mashine Yangu Ililia kwa Mpwa Wangu

Ndugu wasomaji, nina miaka sitini na minane. Shule niliishia darasa la tatu huko Ukata, lakini studio ya picha hapa Mbinga mjini nimeijenga kwa mikono yangu. Sikurithi hata kamba ya mbuzi!

Biashara zilipofunguliwa na baadaye vifaa vya kompyuta vikaanza kumiminika, mpwa wangu Gaspari, mtoto wa dada yangu, kijana niliyemlea mwenyewe, alinishauri ninunue mashine ya kuhifadhia picha, yenye diski mbili ili moja ikifa nyingine ibaki nazo. Tukahamishia humo kila kitu: harusi, komunyo, misiba, kuanzia Mkumbi mpaka ziwani. Negativu, zile filamu za zamani, tukazichoma. Yeye ndiye aliyesema hazina kazi tena!

Mashine ile ikiugua hutuma onyo kwa barua pepe, na onyo lazima lipitie seva fulani, yaani kituo cha barua pepe. Mimi sikuwa nayo.

“Weka ya kwako, maonyo yafike kwako,” nikamwambia Gaspari. “Kati yetu kuna siri gani?”

Baadaye alitaka studio iwe yetu sote. Nikakataa. Akahamia Mbamba Bay kwa hasira, akafungua yake.

Kisha mke wangu Eufemia akafariki. Ilipokaribia misa ya mwaka, nikataka picha yake kubwa ya kuweka mbele ya altare. Nikawasha mashine... hakuna kitu! Diski zote mbili zimekufa.

Nikamwita fundi kutoka Songea, binti mmoja mpole. Kichwa cha mashine, kinachotunza mipangilio yake, kilikuwa bado kizima. Akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, akaandika amri ya kuiuliza imewekewa seva zipi za barua pepe. Jibu likaja mstari mmoja tu. Seva ya Gaspari!

“Mzee, diski ya kwanza ilikufa zamani,” akasema. “Mashine imelalamika sana, ila malalamiko yote yalikwenda kwa huyu. Unamfahamu?”

Nisimfahamu vipi? Nilimbeba mgongoni!

Nikampigia simu. Hakukana.

“Barua zilikuja, Mjomba. Nikasema acha, atanitafuta mwenyewe aniombe.”

“Nikuombe kitu nisichokijua?”

Akasema kwa sauti ndogo, “Sikujua picha za Mama Eufemia zilikuwa humo tu.”

Siku ya misa tuliweka kitenge cha Eufemia juu ya kiti. Gaspari akaja, akainama mbele ya ukoo mzima: “Shikamoo, Mjomba.” Sikuitikia. Mpaka leo sijaitikia.

Wenzangu, nawasihi! Mtu akiondoka kwako, hata kama ni damu yako, siku hiyohiyo mwite fundi aiulize mashine yako inampelekea nani kilio chake. Usione haya kwamba hukusoma. Haya haikurudishii kitu.

Mjukuu wangu mdogo huniuliza bibi yake alikuwaje. Nami, niliyepiga picha nyuso za wilaya nzima, namweleza kwa mdomo...