Barua Iliyoandikiwa Macho

Diski ya mitihani ilikuwa imetoweka, na kabati halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya mhakiki wa kiwanda cha vitabu vya wasioona, na kwenye skrini ya kompyuta yake palikuwa na barua ya mistari miwili ya nukta nundu. Mhakiki mwenyewe, mama mtu mzima asiyeona tangu utotoni, alikaa, mikono mapajani.

"Barua inasemaje?" aliuliza Inspekta. Askari wake walimbandika jina la Kwanini, na wala hawakumsingizia.

"'Diski nimeichukua mimi. Nisameheni,'" meneja alijibu. "Ametusomea fundi wetu wa programu. Miaka kumi na tisa nafanya kazi na mama huyu, Inspekta. Nimeishiwa nguvu."

"Kazi naipoteza, na jela juu," mhakiki alisema. "Na barua yenyewe siijui!"

"Hukuisoma?"

"Nisome nini, mwanangu? Gusa hapa."

Mbele ya kibodi palikuwa na mashine yake ya kusomea, safu ya visindano vinavyopanda na kushuka kufuata nukta. Inspekta akapitisha kidole. Palikuwa laini kama meza.

"Kwani imeharibika?"

"Thubutu! Fungua faili langu lolote."

Akafungua. Lo! Skrini ikajaa takataka: mabano, alama za kuuliza, herufi zilizorundikana ovyo. Papo hapo visindano vikainuka, na mama akasoma bila kukwama.

"Mbona kwenye skrini sioni hata nukta moja?"

"Mashine hii ya zamani. Kila nukta nundu imepewa herufi au alama ya kawaida ya kibodi, na hizo ndizo inazozielewa. Wasomaji wetu wengi wana hizi hizi. Ukiiletea nukta zenyewe, zile za mfumo mpya, inanyamaza."

"Mfumo mpya anautumia nani hapa?"

"Programu ya fundi. Leo mchana nilikuwa nimpe meneja ripoti yangu juu ya programu hiyo."

Udadisi ulikuwa umeshampanda Inspekta kichwani. Akamwita fundi, mwanamume nadhifu, mwepesi wa kutabasamu.

"Programu yako imejaribiwa?"

"Imejaribiwa, afande. Meneja anayo karatasi yangu ya majaribio."

"Ilijaribiwa na nani?"

"Na mama huyu. Anaisoma vizuri tu."

"Safi." Inspekta akairudisha barua kwenye skrini. "Mama, tusomee."

Mhakiki akapeleka vidole, akavirudisha. "Hakuna kitu."

Meneja akamgeukia fundi.

"Kwa nini mtu aandike ungamo asiloweza kulisoma?" Inspekta aliuliza.

Fundi akainamisha kichwa. "Diski iko kwenye boksi langu la nyaya. Nilishamwahidi meneja kuwa programu iko tayari. Ripoti ya mama ingeniumbua, ionyeshe karatasi yangu ni ya uongo. Nikasema, akionekana mwizi, nani atamsikiliza?"

"Ulimjaribisha lini?"

"Sikumjaribisha. Kwenye skrini yangu nukta zilionekana vizuri."

Pingu zikafungwa. Mhakiki akageuzia uso upande zilikolia.

"Mwaka mzima tunakaa chumba kimoja," alisema kwa hasira. "Ungeniuliza siku moja tu."